Refa Chini ya Kanga

Mwaka tisini na tisa, mtu akitaka kufunga kontena Guangzhou alihitaji vitu viwili: fedha na neno la Mbarak. Fedha ungeweza kukopa. Neno la Mbarak lilikuwa halikopeki.

Wafanyabiashara waliotoka Dar es Salaam na Unguja walikuwa na desturi yao. Mtu akishakubaliana na laobani, yaani bosi mwenye duka au kiwanda, sampuli ya kitambaa ilikatwa vipande viwili kwa mkasi mbele ya wote. Nusu alibaki nayo laobani, nusu ya pili ilipelekwa kwa Mbarak, akaitia kwenye mfuko wa nailoni na kuitundika ukutani chumbani kwake. Siku mzigo unatoka kiwandani, Mbarak aliitwa. Alifungua robota alilochagua yeye, si lile aliloonyeshwa, akaweka nusu yake juu ya mzigo, akatazama, akasema "ndiyo" au "siyo". Akisema siyo, laobani alipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, kisha akabadilisha mzigo. Desturi hiyo waliiita kukata ushahidi, na sharti lake lilikuwa moja tu: Mbarak akishasema, hakuna wa kumrudisha nyuma. Wasingekubaliana hivyo, wangekuwa wanabishana kwenye masoko ya jumla ya Zhanxi mpaka leo.

Mwenyewe alikuwa mtu wa Unguja, mrefu, mkavu, ndevu zimeanza kuingia mvi, na ulimi wake haukuwa na sukari. Nyumbani alichezesha mpira daraja la pili kwa miaka mingi. Kuna mechi aliwanyima wenyeji penalti mbele ya mashabiki wao, kisha akatoka uwanjani akitembea taratibu kana kwamba hasikii wanachomwita. Kwa hiyo wafanyabiashara na wanafunzi wa Kitanzania waliosoma huko walipoanza kucheza mpira kila sikukuu, hakuna aliyeuliza refa awe nani.

Lakini Mbarak alikuwa haoni.

Si kwamba alikuwa kipofu. Alitembea, alivuka barabara katikati ya mikokoteni, alijua mtu akiingia mlangoni. Ila tangu mwaka uliopita ulimwengu wake ulikuwa umeingia ukungu, na rangi zilikuwa zimechuja: nyeupe imekuwa ya maziwa, bluu imezama ndani ya nyeusi. Daktari mmoja, mama mpole, alimmulika na kumweleza kwa msaada wa mkalimani kwamba ni mtoto wa jicho, yote mawili, na kwamba hutolewa. Litaanza jicho moja, litafungwa bandeji, kisha la pili. Mbarak akashukuru, akasema atarudi. Hakurudi.

Upasuaji hakuuogopa. Aliogopa ile bandeji. Alijiona anaingia Zhanxi na jicho limefungwa, laobani wa kwanza anacheka, wa pili anatoa mzigo mbovu, na wafanyabiashara wanamtafuta mtu mwingine wa kumtundikia sampuli zao, kwa muda tu, mpaka apone. Na huyo mwingine akishaizoea kazi, nani atamnyang'anya? Ndivyo alivyojiuliza, na badala ya kwenda kutibiwa akaanza kujificha. Inatia hasira, mtu mzima kukaa na ugonjwa unaotibika kwa kuogopa kuonekana mgonjwa, lakini wangapi hawafanyi hivyo?

Akawa na hila zake. Alikishika kitambaa kwa vidole kwanza, maana uzito na msuko vidole havidanganyi. Alikipeleka dirishani, akakitazama kwa muda mrefu kuliko lazima. Halafu, kama mtu anayetaka tu kuzungumza, alimuuliza mwenye mzigo, "Hebu, wewe waonaje?" Mwenye mzigo alijibu, na Mbarak hakusikiliza jibu, alisikiliza sauti. Sauti ikitetemeka kidogo, alisema siyo. Sauti ikitulia, alisema ndiyo. Mpaka hapo hila ilikuwa haijamwangusha, au yeye aliamini hivyo.

*

Jumamosi moja, wiki mbili kabla ya sikukuu ya taifa la China ya mwezi wa kumi, walikuwa wamekusanyika kwenye mgahawa wa Waislamu wa Kichina karibu na stesheni, wanakula tambi na nyama ya kondoo. Wilbard, mwanafunzi wa uhandisi aliyekuja kwa msaada wa serikali, alikuwa amekuja na mkanda wa video. Mwalimu wake wa Kiingereza alikuwa Mmarekani, na ndugu zake walimtumia mikanda ya mpira wa kwao, ule wa kukumbatia mpira wenye umbo la yai na kuangushana. Wilbard, mtoto wa Kibosho aliyekulia kwenye soka ya kawaida, alikuwa ameupenda mchezo huo kupita kiasi, na hakuridhika mpaka na wengine waupende.

"Hawa mbona wamevaa kama wanashuka mgodini?" aliuliza Chausiku. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa Kariakoo, mama wa maneno na kicheko, na ndiye aliyekuwa karibu na Mbarak kuliko wote. Alimwita kaka, na hakuwa anatania.

"Subiri, dada. Angalia kocha."

Kwenye televisheni kocha alirusha kitambaa chekundu uwanjani. Mchezo ukasimama.

"Amekasirika?"

"Anapinga uamuzi. Sheria mpya, imeanza msimu huu. Zamani waliwahi kuwa na marudio ya picha, wakayaacha. Sasa mwaka jana kuna mchezaji alijirusha kwenye mstari. Kofia yake ikavuka, mpira ukabaki nyuma. Refa akasema wamepata, na mechi wakashinda. Nchi nzima iliona kwenye televisheni kwamba mpira haukuvuka, isipokuwa refa. Zikapigwa kelele, wenye timu wakaketi, wakayarudisha marudio."

"Na hiyo picha anaiangalia nani?" aliuliza Sufian, kipa wa wafanyabiashara, mtu wa mabegi na viatu.

"Refa mwenyewe. Anaingiza kichwa kwenye kisanduku chenye pazia, anapewa dakika moja na nusu. Akiona bila shaka yoyote kwamba alikosea, anabadilisha. Picha isipoonyesha wazi, uamuzi wa kwanza unabaki."

Wote wakaegemea mbele kumtazama refa wa Kimarekani akiingiza kichwa kwenye pazia. Mbarak naye aliegemea mbele. Alichokiona ni madoa ya rangi yanayotembea juu ya kijani. Wenzake walipoguna aliguna, walipocheka alicheka.

"Amebadilisha!" Wilbard akapiga meza. "Safi kabisa! Mzee Mbarak, hii sheria unaionaje?"

"Refa anayerudishwa nyuma si refa, ni karani," alisema Mbarak.

"Lakini mzee, kama amekosea kweli?"

"Amekosea, mchezo uendelee. Ukimrudisha kwenye hili, kesho utamrudisha kwenye lile, na keshokutwa utataka kuangalia upya yote aliyowahi kusema. Hutomaliza."

Alisema kwa ukali kuliko jambo lenyewe lilivyohitaji, na Chausiku akamtazama kidogo, kisha akaomba chai.

*

Sikukuu ikafika, viwanda vikafungwa wiki nzima, na mechi ikachezwa kwenye uwanja wa chuo upande wa Tianhe. Zawadi ilikuwa jiko la umeme la kupikia wali, jipya ndani ya boksi, lililotolewa na wafanyabiashara wakiwa na hakika kwamba watarudi nalo.

Chausiku alikuwa amenunua kamera ya video ya kumpelekea mdogo wake, mpiga picha za harusi, na alitaka kuijaribu kabla ya kuifunga. Akasimama pembeni ya goli la Sufian, kanga begani, akirekodi na kuwazomea wanafunzi kwa wakati mmoja.

Mbarak alichezesha kwa masikio na miguu. Alikimbia karibu na mpira kuliko refa yeyote wa umri wake, watu wakamsifu kwa pumzi, kumbe alikuwa anafuata anachoweza kukiona. Mpira ulikwenda vizuri. Walikuwa sare, goli moja kwa moja. Mpaka zikafika dakika za majeruhi.

Krosi ikatoka kulia. Wilbard akaruka juu ya mabeki wawili, akapiga kichwa. Mpira uligonga mtambaa wa panya kwa ndani, ukashuka mstarini, na Sufian akaulalia. Mbarak alikuwa mbali hatua kadhaa. Aliusikia mwamba ukilia, akasikia mpira ukipiga chini, kisha hakusikia kitu kingine. Alichokiona ni kitu cheupe kilichoingia kwenye weupe wa chokaa na nyavu, kikapotea.

Akapunga mikono. Hakuna goli.

Wanafunzi wakamvamia. "Imeingia! Mzee, imeingia yote!" Wafanyabiashara nao wakaja mbio, vifua mbele. Katika zile kelele sauti moja ya mwanafunzi ikapanda juu ya zote: "Atasemaje goli wakati anakula kwao?"

Neno lile lilikuwa zito kuliko goli. Miaka yote hiyo Mbarak alikuwa ameitwa mengi, lakini mla rushwa hajawahi.

Wilbard ndiye aliyesogea mbele. Alivua kitambaa chekundu cha unahodha mkononi, akakirusha chini mbele ya miguu ya Mbarak.

"Mimi sisemi unakula kwa mtu, mzee. Mimi napinga tu, kama wale kule. Dada Chausiku amerekodi. Uangalie wewe mwenyewe. Utakachosema, tumekubali."

"Aangalie!" wafanyabiashara wakadakia, kwa sauti kubwa kuliko wanafunzi. "Mbarak haogopi picha! Mbarak anaona uzi mmoja ulioruka kwenye robota zima!"

Walimsifu mpaka wakamfungia mlango. Akikataa, ataonekana anaogopa ukweli. Akikubali, ataingia huko na macho yake haya. Akaitikia kwa kichwa.

Chausiku akaja na kamera. Alikuwa ameurudisha mkanda mpaka mahali penyewe. Alipomkabidhi, sauti yake, ile sauti ya kicheko siku zote, ilikuwa imeshuka, inataka kulia.

"Kaka, angalia mwenyewe," alisema. "Kila kitu kimo humo. Bonyeza hapa tu."

Jua lilikuwa kali, kioo cha kamera kilikuwa kidogo. Chausiku akaitoa kanga begani na kumfunika nayo yeye na kamera pamoja. Watu wakacheka kidogo, maana refa mzima chini ya kanga ya maua ni kitu cha kuchekesha. Kisha wakangoja.

Chini ya kanga palikuwa na joto na harufu ya udi. Mbarak akabonyeza. Kijani. Nyeupe. Kitu cheusi kikapita, pengine Wilbard, pengine Sufian. Akairudisha. Akaisogeza kamera mpaka ikagusa pua, akaiweka mbali mpaka mkono ukanyooka ndani ya kanga. Kijani na nyeupe. Macho yakaanza kumtoka machozi kwa kuyakaza, na ukungu ukazidi.

Alikuwa na sheria ya kumwokoa, na aliikumbuka vizuri: picha isipoonyesha wazi, uamuzi wa kwanza unabaki. Alikuwa na masikio yake pia, ambayo hayakusikia wavu. Angetoka aseme haionyeshi vizuri. Lakini Chausiku kasema kila kitu kimo. Picha iko wazi, basi, kwa kila mwenye macho. Iko wazi kwa upande gani?

Hapo akafanya lile alilokuwa akilifanya mwaka mzima. Akaisikiliza sauti. Chausiku alikuwa upande wa wafanyabiashara, na alimpenda kaka yake. Picha ingekuwa inamtetea, angekuja anaimba. Amekuja na sauti ya mtu anayeleta taarifa ya msiba. Maana yake imeingia, na anamwonea huruma.

Na hata kama si hivyo, alijiambia, mtu akikiri kosa nani atamlaumu?

Akaivua kanga, akanyoosha mkono kuelekea katikati ya uwanja.

"Goli," alisema. "Nilikosea."

Wanafunzi waliruka, wakambeba Wilbard, wakamwaga maji. Na ajabu ni kwamba wafanyabiashara hawakukasirika. Walikuja mmoja mmoja kumshika Mbarak mkono, wakisema wameona mambo lakini refa wa kukiri mbele za watu hawajaona. Yule mwanafunzi wa neno la rushwa akaja kuomba radhi, karibu apige magoti. Wilbard akamkumbatia. Mbarak akatulia, akajiona amepona. Kwa furaha ile hakujali kwamba Chausiku ameichukua kanga yake na kamera yake kimya kimya.

*

Jioni, baada ya magharibi, walikutana tena mgahawani. Jiko la wali lilikuwa mezani mbele ya wanafunzi, limefunguliwa, linapigwa picha.

"Dada Chausiku, tuwekee goli letu!"

"Chaji imekwisha."

"Waya huu hapa, nimekuja nao," alisema Wilbard.

"Basi mkanda nimeusahau."

"Si umo ndani ya kamera, dada? Hujautoa tangu uwanjani."

Chausiku akamtazama Mbarak, na Mbarak hakujua kwamba anatazamwa. Akaitoa kamera.

Mbarak alikaa na wengine mbele ya televisheni. Madoa yakapita. Akasikia krosi, mwamba, kelele. Kisha akasikia kicheko cha wanafunzi kikikatika katikati.

"Rudisha," mtu alisema. Ikarudishwa. Mwamba ukalia tena.

"Rudisha tena, taratibu."

Walirudia mpaka hata mpishi akatoka jikoni kuja kuona. Hakukuwa na haja ya kuwa mtaalamu. Mpira ulikuwa umeanguka mbele ya mstari, nyasi zinaonekana katikati ya mpira na chokaa, na Sufian aliulalia ukiwa bado uwanjani.

"Haikuingia," alisema Wilbard. Alisema polepole, kwa mshangao mtupu. "Mzee, mbona haikuingia?"

Mbarak alikuwa ameamua sawa mara ya kwanza. Masikio yake yalikuwa yamemwambia ukweli, akayatupa, akaufuata uwongo alioutunga mwenyewe chini ya kanga. Na sasa wote walikuwa wamemgeukia. Hilo hakuhitaji macho kulijua.

Palibaki mahali pamoja tu pa kutokea, naye akapitia hapo.

"Niliona," alisema. "Niliona haikuingia. Lakini watu walikuwa wanataka kupigana, wametukanana. Nikaona bora amani."

Sufian akavuta kiti. Alikuwa na mzigo wa viatu utakaotoka mara viwanda vikifunguliwa, na sampuli yake imetundikwa kwa Mbarak.

"Kaka Mbarak, samahani, nisikie vizuri. Uliona ukweli, ukasema uwongo, kwa sababu watu walipiga kelele?"

"Kwa ajili ya amani, Sufian."

"Basi na laobani wangu akipiga kelele? Maana yule baba anapiga kelele mpaka glasi zinatikisika. Na mzigo wangu nao utausema sawa kwa ajili ya amani?"

Hakuna aliyecheka. Mbarak angeweza kusema kweli pale pale, na lingekwisha. Lakini aibu ikamzuia.

Wilbard akalisukuma lile jiko la wali likaenda katikati ya meza. "Hili si letu," alisema. Wafanyabiashara nao hawakulishika. Waliondoka mmoja mmoja wakiaga kwa adabu, na jiko likabaki pale mezani, mpishi akalihamisha asubuhi ili apange vikombe.

*

Kesho yake, kuanzia asubuhi, watu wakaja kuchukua sampuli zao. Hakuna aliyesema neno baya. Mmoja alisema amebadilisha mpango. Mwingine alisema laobani ameomba sampuli irudi akaiangalie. Sufian alisema tu, "Naomba kile kisigino changu cha sampuli, kaka," akakipokea na kumtakia mchana mwema. Adabu yao ilimuumiza Mbarak kuliko wangemtukana. Ukuta ukabaki na misumari.

Mchana akaja Chausiku. Hakukaa. Alikwenda dirishani, kwenye mwanga, akaweka vitu viwili juu ya meza.

"Njoo, kaka."

Mbarak akaja. Akavigusa. Vipande viwili vya kitambaa cha sare za shule, msuko mmoja, uzito mmoja.

"Hiki ni nusu ya sampuli yangu ya mwezi wa tatu, uliyonirudishia mzigo ulipotoka. Hiki Rozina alikikata kwenye mzigo wenyewe ulipofika Dar, akanitumia. Niambie, vinafanana?"

Rozina Mbarak alimjua kwa jina. Alikuwa mshirika wa Chausiku, aliyekuwa akipokea mizigo yake Kariakoo tangu wote wawili ni wasichana wa kuuza mitumba chini. Mbarak alijua pia kwamba hawasemezani tena, ingawa hakujua kwa nini.

Akaviinua vipande vile kwenye mwanga. Akavitazama kwa muda mrefu, kama kawaida yake.

"Hebu," alisema, "wewe waonaje?"

Chausiku hakujibu. Hakuguna, hakuvuta pumzi, hakusogeza hata mguu. Alisimama pale kimya kabisa, na Mbarak akangoja sauti ya kushika, haikuja. Huko nje mkokoteni ulipita ukigonga mashimo. Kwa mara ya kwanza tangu macho yake yaharibike alikuwa na kitambaa mkononi na hakuna wa kumwambia ni cha rangi gani.

"Sioni, Chausiku," alisema.

"Kimoja ni bluu. Kimoja ni cheusi."

Mbarak akavishusha mezani.

"Jana ulipotoka chini ya kanga ukasema goli, nilijua," alisema Chausiku. "Mimi ndiye niliyekuwa pale, niliuona mpira kwa macho yangu. Nilikuletea kamera nimejaa machozi kwa vile walivyokutukana, nikasema sasa wataona kaka yangu ni mtu gani. Ukatoka ukasema goli. Nikajua huoni. Halafu nikafika nyumbani, nikamkumbuka Rozina."

Sasa sauti yake ilikuwa inatetemeka, na safari hii Mbarak hakuhitaji kubahatisha ni kwa nini.

"Alinipigia akasema, Chausiku, mzigo ni mweusi, mwalimu mkuu kaukataa. Nikamwambia haiwezekani, Mbarak ameuangalia. Akasema uje uone. Nikamwambia umeuza mzigo wangu wa bluu ukaweka mweusi. Nilimwita mwizi, kaka. Mwanawe alikuwa kwenye simu ya pili, anasikia."

"Siku ile kiwandani nilikuuliza," Mbarak alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuuliza waonaje. Ukasema sawa tu."

"Nilisema sawa kwa sababu ulikuwa umesimama pale wewe! Niliuona ni mweusi. Nikasema labda ni taa za mle ndani, labda macho yangu, Mbarak hawezi kukosea."

Walitazamana, kama hilo laweza kuitwa kutazamana. Mbarak alikuwa ameegemea sauti ya Chausiku, na Chausiku alikuwa ameegemea macho ya Mbarak, na kati ya wawili hao hakukuwa na mtu aliyeangalia kitambaa.

"Sasa wataka nifanye nini?" aliuliza Mbarak. "Niambie lolote."

"Vaa viatu. Dar ni asubuhi sasa hivi, yuko dukani."

Walikwenda mpaka kwenye duka la simu la kona, lenye vibanda vya mbao. Mbarak akaingia, akashika mkono wa simu, akakinyoosha kidole kwenye namba, kisha akakirudisha. Chausiku akapitisha mkono ubavuni kwake, akabonyeza zote, akatoka kusimama mlangoni. Simu ikalia mbali, ikalia tena.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

Nyuma ya sauti kulikuwa na kelele za Kariakoo, honi, mtu anataja bei. Mbarak alikuwa amejipangia maneno njiani, salamu, habari za nyumbani, maelezo ya daktari. Yote yakamkimbia.

"Rozina, mie Mbarak wa Guangzhou. Ule mzigo wa sare ulikuwa mweusi. Mie sikuona. Macho yangu mabovu tangu mwaka jana, nikaficha. Weye hukuiba kitu."

Kelele za Kariakoo ziliendelea. Rozina alikaa kimya muda mrefu, na Mbarak akakisikiliza kile kimya kwa nguvu zake zote, akaona hakimwambii lolote.

"Mimi nilijua ni mweusi," Rozina akasema mwishoni. "Hata Chausiku alijua. Ananijua miaka ishirini, mzee, mimi nilimwuguza mama yake. Wewe alikuwa akikujua miaka mingapi?"

Rozina hakungoja ajibu.

"Yuko hapo?"

"Yuko."

"Mpe simu."

Akageuka, akaunyoosha mkono wa simu kuelekea mlangoni, kwenye ule mwanga mweupe ambamo alidhani amesimama. Waya ukanyooka mpaka mwisho. Alingoja hivyo hivyo, mkono hewani, na sauti ndogo ya Rozina ikiita jina la Chausiku ndani yake, asijue kama Chausiku yupo pale, analia, au ameshaondoka.